Watani wa Shamba la Kumi na Saba

Siku Mizani ilipotutangaza mimi na Meinrad Gama kuwa maadui wa mwaka, tulipewa zawadi ya sabuni. Mche mmoja, tugawane nusu kwa nusu. Bi Kokuteta, Afisa Mlezi wa shamba letu, alitusimamisha bwaloni mbele ya vijana mia mbili na themanini, akasema sisi ni mfano wa kuigwa: miaka miwili tunachuma pareto safu moja, bega kwa bega, na hakuna siku tumeambiana neno zuri. Vijana wa namna hiyo, alisema, hawaipi nchi homa. Watu wakapiga makofi. Gama akaniinamia na kusema kwa sauti iliyofika hadi jikoni, "Nusu kubwa nipe mimi, Mhehe. Wewe sabuni utaila tu."

Nikamjibu kwamba ukoo wao haujaona povu tangu babu yao avuke Zambezi akikimbia. Ubao wa Mizani ukutani ukashusha namba yetu hapo hapo, kutoka hasi sitini na tatu hadi hasi sitini na nne. Bi Kokuteta akatabasamu.

Hakujua kitu, mama wa watu. Alikuwa mgeni wa nyanda za juu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba Mhehe na Mngoni ni watani. Kwamba mababu zetu walipigana hadi wakachoka, na walipochoka wakakubaliana vita iendelee kwa mdomo tu. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake, akachukua sahani yako mbele ya macho yako, akaingia katika kaburi la baba yako na kukataa kutoka mpaka apewe kuku. Huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeaibisha ukoo. Na siku ukilia kweli, yeye ndiye wa kwanza kukushika mkono.

Sisi tulikuwa wanne. Mimi ni Editruda Kihwele, lakini hakuna mwenye muda na jina lote hilo, naitwa Truda. Upande wangu alikuwapo Ofrida Luhanga, Mhehe mwenzangu, mrefu, mpole, mwenye kikohozi kisichoisha. Upande wa pili Gama, na Kassian Komba, Mngoni mwingine, ambaye alikuwa hasemi sana lakini akisema unatafuta pa kukaa. Kwenye ubao tulionekana jozi mbili zisizopatana. Ndivyo tulivyotaka tuonekane.

Maana ukifika miaka kumi na tatu unashonewa Sikio. Ni kidude cha duara, ukubwa wa kifungo cha koti, kinakaa chini ya mtulinga, mfupa wa bega, na hakitoki mpaka utimize kumi na minane. Kinasikia maneno, kinahesabu mapigo ya moyo na pumzi, na yote yanakwenda kwa Mizani, ambayo kazi yake ni kupima watu wawili wawili. Neno jema linaongeza. Kicheko cha pamoja kinaongeza zaidi. Tusi linapunguza. Wawili wakifika arobaini wanafungwa uzi, na Sheria ya Wawili inamruhusu kijana uzi mmoja, basi. Wakifungana watatu au zaidi, huo ni wavu, na wavu huchanwa: kila mtu shamba lake la mbali, jina jipya, na nyumbani wanaambiwa wasiandike barua. Baraza lilitunga sheria hiyo baada ya mwaka wa maandamano, lilipogundua kwamba karibu kila aliyekuja barabarani alikuwa ameitwa na rafiki.

Kwa hiyo tulitukanana. Kassian aliposhikwa na homa ya mapafu, nilimpora kikapu nikimwita mvivu na mzigo kwa taifa, nikachuma safu yake siku nne. Gama alimnyang'anya Ofrida blanketi bovu akamtupia la kwake, akisema hawezi kulala na harufu ile ikivuka ukuta wa bweni. Namba zetu zilizidi kushuka. Vicheko tulivihifadhi mpaka tukiwa katika banda la kukaushia, ambako vumbi la maua linampigisha kila mtu chafya kutwa nzima. Tulijifunza kucheka kwa chafya. Mizani iliandika kwamba tuna mafua.

*

Mwezi wa sita alifariki msichana mmoja wa Kihehe, na Kastory, mtoto mgeni wa Kingoni aliyekuwa hata mwaka hajamaliza shambani, akafanya alichofundishwa kwao. Aliruka kaburini, akajilaza, akasema anamdai marehemu chumvi na hazikwi mtu hapa. Mama mzazi alicheka huku analia, na ndivyo inavyotakiwa. Mizani ikaandika kudhalilisha maiti na vitisho. Walimchukua Kastory kabla udongo haujashindiliwa.

Gama alikwenda ofisini kumtetea. Alikwenda kwa miguu yake, na sote tulimsifia kimoyomoyo, nami zaidi ya wote. Alikaa huko siku kumi na moja. Aliporudi, Kastory alikuwa naye, mzima, na Gama alikuwa amevaa sweta jipya la bluu, la sufu.

"Nimewaeleza kidogo tu," alisema. "Wameelewa."

Hatukumuuliza zaidi. Kastory yuko hai, nani ana haja ya maelezo? Kuhusu sweta nilimwambia Mngoni hata umvike nini harufu ni ile ile, naye akacheka kidogo, akaangalia pembeni. Niliona alivyoangalia pembeni, nikajiambia amechoka.

*

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa nane Bi Kokuteta aliponiita asubuhi, kabla ya kugawiwa vikapu. Nilimwamkia. Akaitikia vizuri, akaniambia nikae, akanisukumia kishikwambi chake mezani.

"Soma, binti. Unaujua mwandiko huo?"

Niliujua. Gama aliandika herufi ya g yenye mkia mrefu unaoingia mstari wa chini. Juu kulikuwa na kichwa cha habari: Maelezo ya Utani kwa Matumizi ya Mizani, vifungu arobaini na viwili. Kifungu cha tatu kilieleza maana ya kuitwa mtumwa. Kifungu cha tisa kilisema: Mtani anapochukua kazi ya mwenzake huku akimtukana, anamsaidia. Mfano: Truda Kihwele, safu ya Komba, siku nne. Kifungu cha kumi na nne kilieleza blanketi. Kifungu cha ishirini kilikuwa juu ya chafya.

Niliyasoma yote. Ilinichukua muda mrefu na Bi Kokuteta hakunihimiza. Kitu kilichoniuma si kwamba alisema. Watu husema, ofisi ile ina njia zake, na Kastory alikuwa mtoto. Kiliniuma kwamba alikuwa ameandika vizuri. Alichagua mifano. Alipanga kuanzia rahisi kwenda ngumu, akasahihisha maneno aliyokosea, na pale kwenye kifungu cha ishirini alikuwa ameongeza sentensi nzima kumsifia Ofrida kwamba chafya yake ndiyo inayofanana zaidi na ya kweli. Kisha akarudi, akala nasi miezi miwili, na hakusema neno.

"Mizani haibadilishi kanuni kwa maneno ya mtu mmoja," Bi Kokuteta alisema. "Inataka jaribio la pande mbili. Saa sita Gama ataletwa hapa akutukane kama kawaida yenu. Sikio lako litapima. Mimi sipendi kumwingiza mtu gizani, kwa hiyo nakueleza. Ukikasirika, basi hakuna utani, ni matusi tu, na huyu kijana amelidanganya Baraza. Atakwenda Magadini miaka mitatu. Usipokasirika, kanuni inapita, na namba za watu wote wa aina yenu zitahesabiwa upya, hapa na kwenye mashamba mengine."

"Na mimi nikikataa kuja?"

"Utakuja, mwanangu."

Magadini ni kule bondeni wanakochimba magadi. Nilikuwa nimemwona mtu mmoja tu aliyerudi kutoka huko, na alikuwa haoni.

*

Feni kubwa la banda la kukaushia likiwaka, Sikio halishiki maneno, linashika mapigo tu. Linawaka dakika saba kisha linapumzika. Nilisimama katikati ya Ofrida na Kassian, tukageuziana migongo, tukigeuza maua kwenye trei, nikawaeleza yote ndani ya dakika hizo saba nikijitahidi moyo usikimbie.

Kassian hakufikiri hata kidogo. "Kasirika," alisema.

"Atakufa kule," Ofrida alisema.

"Na sisi tutakwenda wapi? Wewe na kikohozi hicho wakikupeleka kwenye mashamba ya bondeni, utamaliza mwaka?"

"Ni mtani wangu. Siwezi kumkasirikia mtani."

"Utani uliisha alipouandika."

Ofrida alikuwa amekwishajua kuhusu kifungu kilichomsifia, nilikuwa nimemwambia. Aliendelea kugeuza maua yaliyokwisha kugeuzwa. Halafu akaniuliza mimi nitafanya nini.

Nilimwambia kweli: kwamba sihitaji kufanya chochote. Tangu asubuhi nikifumba macho naona ile g yenye mkia. Nitakaa kitini, atafungua mdomo, na Sikio litapima kilichomo, na kilichomo ni hasira tupu. Sitamhukumu mimi. Itamhukumu namba. Nilipoyasema hayo nilijisikia mwepesi, na niliona aibu kidogo kwa wepesi ule, maana nilikuwa nampeleka Magadini mtu aliyempa Ofrida blanketi lake, lakini wepesi haukuondoka.

"Sitacheka," niliwaahidi.

Feni likazima, tukaanza kutukanana.

*

Saa sita na robo walinikalisha. Kulikuwa na meza, viti viwili, na Bi Kokuteta pembeni na kishikwambi chake, amekielekeza kwangu ili nami nione namba. Chumba kilikuwa kisafi, kimepigwa deki. Kabla Gama hajaingia, hasira yangu ilikuwa sitini na nane kati ya mia.

Aliingia na sweta lake. Ikapanda hadi sabini na tatu. Alikaa, akaweka mikono juu ya meza, akanitazama, na niliona amejua kwamba nimesoma.

"Kama kawaida yenu," Bi Kokuteta alisema.

Gama akakohoa. "Mtumwa wangu," alisema, "umekonda. Nani alikuwa anakulisha mimi sipo?"

Sabini na sita. Neno lile nililolisikia miaka miwili likitua kichwani kwangu bila kuuma, lilikuwa linauma. Nilikaza meno, nikafurahi kwamba linauma.

"Mlezi, huyu Mhehe akiona kioo anapiga saluti. Anadhani chifu mwenzake amekuja kumtembelea."

Mzaha wa zamani. Alikuwa ameshausema mara arobaini na mara zote nilikuwa napiga chafya. Themanini. Bi Kokuteta aliangalia saa yake, akasema zimebaki dakika mbili kisha tunafunga. Jasho lilimtoka Gama kwenye paji la uso, katika baridi ile. Alijaribu mwingine, wa mkuki na dirisha, akauharibu katikati, akaurudia mwanzo. Themanini na tatu. Alikuwa anazama na mimi nilikuwa namwangalia anavyozama. Nilimfikiria yule mtu asiyeona. Nikaifikiria g. Nikaishikilia g kwa mikono miwili.

Halafu Gama akaacha kunitazama, akamgeukia Bi Kokuteta kwa sauti ya chini, ya mtu mzima anayetoa ushauri wa bure.

"Mlezi, na mimi nakuonea huruma, unahangaika bure na hiyo mashine. Unamwona alivyovimba? Unadhani ni usaliti? Huyu? Leo Jumatano, siku ya maharage, nanyi mmemwita kabla hajala. Hiyo themanini na tatu yote ni maharage. Mhehe mnyang'anye nchi, atapigana na wewe miaka saba kisha mtazoeana, ataoa hata kwenu. Lakini mnyang'anye maharage, utakufa, utazikwa, na atakuja kaburini na kijiko."

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo balaa lenyewe, ilikuwa kweli kabisa: tangu nimekaa pale, chini ya hasira yote ile kubwa, sehemu moja ya kichwa changu ilikuwa inajiuliza kama Ofrida ataniwekea sahani.

Nilicheka.

Sikutabasamu, nilicheka, kwa sauti, mpaka mabega yakaruka, na kila nilipotaka kukizuia nilijiona na kile kijiko nikaanza upya. Gama naye alicheka. Kwa nukta moja alicheka kama anavyocheka mtu ambaye mzaha wake umepata, akiwa amefurahi kweli, amejisahau. Hiyo nukta moja nimeshindwa kumsamehe mpaka leo, kuliko vifungu vyote arobaini na viwili. Kisha akafunga mdomo wake kwa mkono.

Namba ilikuwa tisa.

"Asanteni," Bi Kokuteta alisema, akaandika.

Hasira ilinirudia hapo hapo, ikapanda tena, themanini, tisini, nikasimama nikamwambia aangalie, aangalie sasa, mimi namchukia huyu. Alikuwa amekwisha kukifunika kishikwambi.

Kwenye varanda, tukisubiri kuruhusiwa, nilimuuliza Gama kwa nini.

"Nilidhani wakielewa kwamba ni utani tu watatuacha," alisema. "Kastory walimwacha."

"Na kwa nini hukutuambia?"

Alifikiri. "Waliniuliza vizuri," alisema. "Kila siku waliniuliza, na waliandika nilichosema. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza kitu nikajua majibu yake. Halafu nikarudi, nikaona nikisema mtanichukia."

*

Mizani haikuchukua hata saa nzima. Kwenye ubao alama za hasi zilifutika moja baada ya moja, na nyuzi zikachorwa, wanne sisi, na kwingine watano, na kwingine wanane, wavu baada ya wavu bwalo zima. Vijana walisimama na sahani zao mikononi wakitafuta majina yao.

Lori la kwanza lilikuja saa tisa. Walimwita Kassian, wakamwita Ofrida, kila mmoja na upande wake wa lori na mlinzi katikati. Kassian alipanda bila kuniangalia. Ofrida aliomba afunge viatu, akachutama karibu yangu, na bila kuinua uso akauliza, "Alisema nini?"

"Usiniulize."

"Nakwenda, Truda. Nataka kujua nimeponzwa na nini."

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya maharage, na miaka saba, na kijiko. Nilitaka anitukane. Niliona pembe ya mdomo wake ikitikisika, akaibana, ikatikisika tena, akajificha uso kwenye magoti na mabega yake yakaruka. Alipoinua kichwa alikuwa analia. Mlinzi akamshika mkono akamwinua, mkono ambao mtani wake ndiye aliyepaswa kuushika.

Mimi na Gama tulibaki. Wavu ukichanwa, sheria inawaachia shamba waliosaidia kuugundua: yeye kama mfasiri, na mimi, ilivyoandikwa, kama shahidi aliyetoa ushirikiano. Bi Kokuteta alituletea cheti chetu cha uzi halali, kimegongwa mhuri, majina yetu mawili yakiwa yamekaa pamoja. Tangu siku hiyo tuliruhusiwa kukaa meza moja, kutembea pamoja, na kuitana marafiki mbele ya mtu yeyote.

Asubuhi yake nilimkuta safuni, kikapu mkononi. Alikuwa amelivua sweta, anatetemeka kwa ukungu.

"Mtumwa wangu," alianza, taratibu, akinipima, "leo umechelewa."

"Habari za asubuhi, ndugu Gama," nilisema. "Pole na baridi. Samahani kwa kuchelewa."

Alinikodolea macho. Nikainama nikaanza kuchuma. Aliponisogezea kikapu nilimshukuru. Aliponipisha njia nilimshukuru. Alijaribu tena saa nne, akaniambia navuna mithili ya mtu anayemnyonyoa kuku wa kuazima, nami nikamwambia asante kwa kunielekeza, nitajirekebisha. Saa saba aliacha kujaribu, akawa ananitazama tu. Nilimpa maji kabla sijanywa mimi, kwa mikono miwili, nikamwambia karibu.

Kufikia jioni nilikuwa nimemshukuru mara sita. Mara ya sita alikaa chini katikati ya maua, akashika kichwa, akaniomba nimtukane. Neno moja tu, alisema, lolote.

"Nisamehe sana," nilimwambia. "Sina neno lolote baya juu yako."